Mikwaruzo ya Upande Mmoja

Siku ya tano baada ya mti kumwangukia Shoka, Inspekta aliingia karakana ya Fundi Masizi akiwa ameupakata msumeno wa marehemu kifuani. Ulikuwa ndani ya mfuko mzito wa nailoni uliofungwa kwa uzi, na kwenye uzi kulining'inia kikaratasi chenye namba ya jalada na sahihi yake. Nyuma yake alikuja Koplo, mtu wa miaka hamsini na kitu na tumbo lake, kamera shingoni, mkononi chupa ya petroli iliyofungwa vilevile.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba. Karibuni. Kalieni hizo ndoo, viti vyangu ndivyo hivyo."

Koplo aliitazama ndoo, akajitazama na yeye. "Hii ikipasuka, fundi, jalada litakuwa la pili."

Siku nyingine Fundi Masizi angemjibu, maana kwa utani hakuwa na mpinzani. Leo alifuta tu meza kwa kitambaa. Meza yenyewe ilikuwa ya mbao nene, imekunywa oili miaka na miaka hadi ikawa nyeusi kama chungu. Ukutani zilitundikwa spana kwa kufuata ukubwa wake, na juu yake palikuwa na rafu iliyojaa makopo na vipakiti vya spea. Mji mzima hakukuwa na mwingine aliyejua misumeno ya mnyororo. Kwa hiyo Inspekta hakuwa na pa kuchagua, ingawa alijua fundi na Shoka walikuwa marafiki wa miaka ishirini.

"Mara ya mwisho kuushika msumeno huu ni lini?" aliuliza, daftari limeshafunguliwa gotini.

"Mwezi mmoja na siku chache. Nilimfanyia sevisi."

Inspekta aliandika hivyo hivyo: *sevisi, mwezi mmoja na siku chache.*

"Nataka unijibu swali moja tu, fundi. Injini hii iliuawa na nini?"

Swali lilikuwa fupi, lakini lilibeba mtu. Shoka na mdogo wake walikwenda kwenye shamba waliloachiwa na marehemu baba yao kuangusha mti mkubwa uliolielemea paa la nyumba. Shoka akakata mdomo, ule mkato wa pembe, upande wa kuangukia, akazunguka nyuma, akaanza kukata. Alipofika robo tatu ya shina, msumeno ukanyamaza ghafla na kubanwa humo humo. Akainama kuung'oa. Mti uliokuwa umeshikiliwa na kipande cha shina kisichokatwa, unene wa mkono, ukajizungusha, ukaja alikokuwa ameinama.

Jioni ile ile Inspekta alimkamata mdogo wa marehemu, na sababu alikuwa nazo tatu. Kwanza, wiki moja kabla, ndugu hao waligombana mbele ya watu. Mdogo hakutaka miti ya baba yao iguswe, na ulimi hauna mfupa, akamwambia kaka yake, "Huo msumeno wako utakuja kukurudi mwenyewe." Pili, ni yeye aliyejaza tangi asubuhi ile. Tatu, Koplo aliikuta chini ya kitanda chake chupa ya petroli tupu, isiyo na oili. Injini ya msumeno haina oili yake ya pembeni kama gari. Hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ipe petroli tupu, itachemka, itakauka, itakamata na kusimama. Mtu anayejua hilo anaweza kuua bila kumgusa mtu.

Juzi walikuwa wamemzika Shoka. Mdogo wake, kijana wa miaka thelathini na mbili, alishika nondo za mahabusu kwa mikono miwili, akaomba apelekwe mazikoni hata kwa pingu. Inspekta alikataa. Alimwambia watu wana hasira, watamuua.

"Fungua," alisema sasa. "Koplo, piga picha kila hatua."

Fundi Masizi alivaa glavu alizopewa, akakata uzi. Alivuta kamba ya kuwashia. Haikutoka hata inchi moja. Akachungulia kwenye tangi.

"Lipo nusu. Tuanze hapa, kabla sijaharibu kitu."

Akachana karatasi nyeupe vipande vitatu, akavipanga dirishani palipopiga jua. Juu ya cha kwanza alidondosha petroli ya chupa ya Koplo. Juu ya cha pili, petroli ya kwenye tangi la Shoka. Juu ya cha tatu alidondosha ya kwake, aliyoichanganya mwenyewe asubuhi kwa kipimo.

"Sasa tungoje."

Walingoja. Koplo alijikuna. Kipande cha kwanza kilikauka, kikarudi cheupe kama hakijawahi kulowa. Cha pili kilibaki na duara la mafuta, unaweza kuliona jua likipita. Cha tatu kilibaki na duara kama lile.

Inspekta alivishika vipande viwili vya mwisho, akaviweka kimoja juu ya kingine. "Vinalingana."

"Vinalingana. Aliyeujaza msumeno huu alipima, na alipima vizuri."

"Labda aliweka oili kiduchu ili atuzuge," alisema Koplo. "Na ile chupa?"

"Ana pikipiki?"

"Anayo."

"Pikipiki hainywi mchanganyiko, Koplo. Hata mimi nina chupa kama hiyo chini ya kitanda changu. Nikamate."

Inspekta alikumbuka kwamba siku ya kwanza kabisa mdogo wa marehemu alisema maneno hayo hayo: ni ya pikipiki, afande, na ya msumeno nilipima kwa kifuniko. Aliyaandika, akapiga mstari chini yake, na pembeni akaandika *uongo?*

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Wakili ataichana. Nataka chuma kiseme."

"Chuma kitasema."

Fundi alifungua ekzosi, skrubu mbili, akaiweka pembeni. Tundu likabaki wazi upande wa silinda. Alimulika tochi, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akampa Inspekta tochi.

Ndani ya tundu, pistoni ambayo ilipaswa kung'aa kama kijiko ilikuwa na mikwaruzo ya wima, mirefu, kama iliyopigwa kucha na paka mwenye hasira.

"Imeungua," alisema Inspekta.

"Imeungua. Ila kuungua kuna namna yake. Ngoja nikuvulie."

Akatoa plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe, rangi ya jivu, wakati ya injini yenye afya huwa kahawia. Akafungua boliti nne za silinda, akaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo, akaivuta. Iling'ang'ania, ikalia, ikatoka. Chini yake, kwenye nyumba ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kulikuwa na unyevu wa oili unaometameta. Fundi alichovya kidole, akamwonyesha.

"Ingekuwa petroli tupu, hapa pangekuwa pakavu, na beringi zingekuwa zimegeuka bluu kwa joto. Na pistoni ingekwaruzika kuzunguka, pande zote. Sasa tazama hii." Aliigeuza. "Upande wa ekzosi, imeliwa. Upande wa pili, unakoingia mchanganyiko, hata mistari ya kiwandani bado ipo."

"Maana yake?"

"Maana yake oili ilikuwepo ila haikutosha kwa joto lililokuwepo. Upande wa ekzosi ndio wenye moto zaidi, ndio huanza kuungua. Injini hii haikunyimwa oili, Inspekta. Ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko petroli. Hewa ikizidi, moto unakuwa mkali. Na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, petroli ikiwa haba na oili nayo inakuwa haba. Kidogo kidogo, siku baada ya siku."

Inspekta aliacha kuandika. "Siku baada ya siku? Haiwezekani ikawa asubuhi moja?"

"Kwa mikwaruzo hii? Ya chini imeshazibwa na masizi, ya juu mipya. Huu umeumwa wiki mbili, tatu, kabla haujafa."

Koplo alishusha kamera. Wiki tatu kabla ya siku ile ndugu hao walikuwa hawajagombana, na mdogo mtu alikuwa hajaugusa msumeno.

"Aliyekaa nao wiki tatu hizo ni mmoja, Shoka mwenyewe," alisema Inspekta, akatoa simu. Alimpigia mjane wa Shoka, akaiweka sauti juu ili Koplo ashuhudie.

"Pole tena, dada. Ni Inspekta. Samahani, najua nyumba bado ina watu. Nina swali dogo. Msumeno wa mzee, siku za mwisho, ulikuwa unalia vipi?"

Upande wa pili kulikuwa na vyombo vinagongana, mtu akaambiwa anyamaze.

"Ulikuwa unapiga kelele," alisema mjane. "Sauti nyembamba, kama mbu sikioni. Hata akiuachia haukutulia, unakimbia wenyewe. Kila jioni anausafisha kwa brashi, anapuliza vumbi, wapi. Nilimwambia, baba, upeleke kwa fundi."

"Akasemaje?"

"Akasema fundi anajua. Akasema anangoja kuitwa. Kuna kitu kilikuwa hakijafika. Nilimpigia kelele na mimi. Asubuhi ile. Nikamwambia huo msumeno unanipasua kichwa, utoe hapa. Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia."

"Pole sana, dada."

Inspekta alikata simu. Fundi Masizi alikuwa amewapa mgongo, bisibisi mkononi, anafungua kifuniko cha kabureta. Hakugeuka. Inspekta angeweza kumuuliza pale pale, swali lilikuwa mdomoni. Lakini miaka kumi na saba ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kuna wakati mtu akiachwa na mikono yake atasema zaidi kuliko akibanwa. Akageuza ukurasa wa daftari.

"Vitu vitatu huleta joto la namna hii," alisema fundi, sauti imeshuka. "Cha kwanza, mapezi ya silinda kuzibwa na unga wa mbao, upepo wa kuipoza usipite. Mapezi haya ni safi. Shoka alikuwa mtu safi." Akayapangusa hata hivyo. "Cha pili, skrubu ya kabureta kukazwa kupita kiasi. Kila kabureta nikishaiweka sawa huwa naitia doa la rangi nyekundu kwenye skrubu, ili mtu akiigusa nijue. Doa hili hapa. Halijapasuka."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeigusa baada yako."

"Hakuna mtu aliyeigusa baada yangu."

"Na cha tatu?"

Fundi aliichomoa kabureta. Kati ya kabureta na silinda kuna shingo fupi ya mpira ambamo mchanganyiko hupita. Aliitoa kwa vidole viwili. Ilikuwa imezungushiwa kiraka cha mpira wa baiskeli, kikafungwa kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko mitatu iliyonyooka, ncha zake zimekunjwa ndani ili zisikwaruze mtu. Chini ya kiraka gundi ilikuwa imeachia. Fundi aliuminya mpira kidogo, na ufa ukafunguka kama jicho.

"Hewa iliingilia hapa," alisema. "Mlango wa uani."

Koplo alipiga picha. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kiraka hiki kafunga nani? Kazi ya mikono safi hii."

Fundi Masizi aliuweka mpira mezani, katikati, mbali na vitu vingine. Akavua glavu moja, halafu ya pili.

"Mimi."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakafika mbali.

"Endelea, mzee," alisema Inspekta.

"Alikuja mwezi ule, mpira umepasuka. Spea sikuwa nayo. Nikamwambia niachie msumeno mpaka iagizwe. Akasema ana kazi, ameshawaahidi watu. Nikamfungia hivi. Nikamwambia, kiraka hiki ni cha siku saba, kumi mwisho, halafu usiutumie. Spea ikifika nitakuita."

"Na ikafika lini?"

Fundi alinyoosha mkono kwenye rafu, akasogeza kopo, akashusha kipakiti kidogo chenye vumbi juu. Ndani yake mlikuwa na mpira mpya, mweusi, haujawahi kuguswa na oili. Juu ya kipakiti, kwa kalamu ya wino mzito, alikuwa ameandika *Shoka*.

"Siku ya nane," alisema. "Siku ile nilikuwa na jenereta ya zahanati hapo mlangoni, watu wamenisimamia kichwani. Nikauweka juu. Nikasema, Shoka anapita hapa kila siku, nikimwona nitamwita."

"Akapita?"

"Akapita mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nazungumza na simu. Mara ya pili alikuwa ng'ambo ya barabara, amebeba kamba. Akanipungia mkono." Fundi aliinua mkono wake mweusi, akautazama. "Na mimi nikampungia."

Koplo aliangalia sakafu. Inspekta aliandika yote, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, na kalamu ikaandika polepole kuliko kawaida.

"Ungeweza kulikwangua doa la skrubu wakati nazungumza na simu," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakutazama. Ungesema skrubu ilikazwa, nani angejua?"

"Yule kijana yuko ndani, Inspekta." Akaketi juu ya boksi. "Wanasema majuto ni mjukuu. Haya yangu hata hayakungoja."

Aliichukua silinda, akapitisha kidole ndani, kwa mazoea tu. "Hii haijafa, unajua. Ni alumini ya pistoni imegandia ukutani. Ningeisugua ikatoka, nikaweka pistoni mpya na ringi, nikaweka mpira huu, jioni ungekuwa unakata. Niachie niutengeneze. Nitampa mkewe auuze."

"Kidhibiti hakitengenezwi, mzee. Ni ushahidi wa kesi."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye sijui. Na sijui watakuandikia nini. Uzembe, pengine. Mwanasheria wa serikali ndiye atakayesema. Utakuja kituoni kuandika maelezo, leo."

"Nitakuja. Ila naomba jambo." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Yule kijana usimwambie wewe. Utaratibu wenu naujua, mtamsomea kwenye karatasi. Niachie nimwambie kwa mdomo wangu."

Inspekta alifikiri. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaanza kufunga kidhibiti: silinda mfuko wake, pistoni mfuko wake, mpira mbovu mfuko wake, mpira mzima mfuko wake. Koplo alishika uzi, yeye akafunga mafundo.

Kituoni, saa tisa, alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe badala ya kumtuma askari wa zamu. Mdogo wa Shoka alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, viatu havina kamba.

"Simama. Uko huru."

Hakusimama. "Mmepata nini?"

"Injini iliungua kwa sababu ya mpira uliopasuka zamani. Petroli yako ilikuwa na oili yake. Kipimo sawasawa."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia siku ya kwanza."

"Ndiyo." Inspekta alimpa kamba za viatu. "Nilikosea. Ninaomba unisamehe, ingawa najua samahani yangu haina uzito."

Kijana alizichukua, akaanza kuzipitisha kwenye matundu ya kiatu, tundu moja moja. Inspekta alisubiri.

"Mlimzika wapi?"

"Kando ya baba yenu."

"Nani alitupa udongo wa kwanza? Kwenye nyumba yetu nimebaki mimi. Ilikuwa niwe mimi."

Inspekta alikuwepo mazikoni. Alisimama saa nzima chini ya jua, mbali kidogo, na alirudi na kurasa mbili: nani analia kupita kiasi, nani anakwepa macho, nani kaondoka mapema. Alizipitia kurasa hizo akilini, mstari kwa mstari, akitafuta mkono mmoja wenye udongo.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa naangalia nyuso."

Kijana alikaza fundo, akasimama. Alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka.

"Ungenipeleka hata kwa pingu," alisema, "ungeniangalia na mimi. Ungejua siku ile ile."

Inspekta alimsainisha daftari, akamrudishia mkanda, simu na ufunguo wa pikipiki. Nje alikuwa ameamuru gari la kituo limngoje.

Kwenye ukumbi wa mbele, juu ya benchi la kungojea, Fundi Masizi alikuwa ameketi, amenawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko na bado kucha zilikuwa nyeusi. Kijana alipomwona uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza. Alimwendea moja kwa moja, akaishika mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, mzee. Koplo ameniambia ni wewe uliyeufungua. Bila wewe ningeozea humu. Ahsante sana."

Inspekta alimtazama mzee. Koplo, pale mezani, alikuwa ameshika kalamu na karatasi ya maelezo. Inspekta akamfanyia ishara aiweke chini.

Fundi hakuitikia salamu. Alisogea, akaacha nafasi kwenye benchi, bila kuiachia mikono ya kijana.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Kaa kwanza."